Mtoto Aliyekwisha Kuwa Mtu Mzima Kwenye Fomu ya Kodi ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wazazi na walezi wanaoishi Marekani, wanaojaza fomu ya kodi ya mapato kila mwaka, na ambao watoto wao wamevuka utoto lakini bado wanakula jikoni kwao. Viwango vya fedha vilivyotajwa ni vya mwaka wa kodi 2025, ambao tarehe ya mwisho ya kawaida ya kuwasilisha fomu zake ni 15 Aprili 2026. Sheria inayoelezwa ni ya serikali ya shirikisho. Majimbo yenye kodi yake ya mapato huweza kuwa na masharti tofauti. Neno "kodi" hapa ni kodi ya serikali tu, na ile anayolipwa mwenye nyumba tutaiita pango, ili tusichanganyane.

Mtegemezi ni nani mbele ya mamlaka ya kodi ya Marekani?

Wengi wetu neno "mtegemezi" tulilizoea nyumbani kwenye fomu za bima ya afya au za mwajiri, ambako uliorodhesha watu unaowalisha na mambo yakaishia hapo. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, haiulizi unampenda nani wala unamlisha nani kwa jumla. Inauliza mambo mahususi, na majibu yake ndiyo yanayoamua kama mtu huyo apitie mlango wa kwanza, mlango wa pili, au abaki nje.

Mlango wa kwanza ni wa "mtoto anayestahili". Hapa huangaliwa uhusiano wenu, umri wake, alikolala zaidi ya nusu ya mwaka, na kama yeye mwenyewe hakujigharamia zaidi ya nusu ya matunzo yake. Mlango wa pili ni wa "ndugu anayestahili". Hapa umri hauulizwi kabisa, lakini huangaliwa mapato yake na kama wewe ndiye uliyetoa zaidi ya nusu ya matunzo yake. Jina la mlango wa pili limewapotosha wengi, kwa sababu mwanao wa kumzaa mwenyewe anaweza kuingia kama "ndugu" pale umri unapomzuia kuingia kama "mtoto".

Upande wowote atakaopitia, yapo masharti ya pamoja: awe raia wa Marekani, mkaazi wa Marekani kwa mujibu wa sheria ya kodi, au mkaazi wa Kanada au Meksiko; awe na namba ya Social Security au namba nyingine ya utambulisho wa kodi; na wewe mwenyewe usiwe mtegemezi wa mtu mwingine.

Mwanangu amefikisha miaka 18. Je, ndiyo mwisho?

Hapana. Miaka 18 inampa haki ya kupiga kura na kusaini mikataba, lakini kwa mtegemezi wa kodi haina uzito. Kinachotazamwa ni siku ya mwisho ya mwaka, tarehe 31 Desemba. Kama siku hiyo hajafikisha miaka 19, sharti la umri limetimia, awe anasoma au hasomi. Kama ni mwanafunzi wa muda wote, umri unasogea hadi chini ya miaka 24. Kama ana ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi ya kumpatia riziki, umri hauna kikomo.

Sharti jingine husahaulika kwa kuwa huonekana la mzaha: isipokuwa kwa mwenye ulemavu huo, mtoto anayestahili lazima awe mdogo kuliko wewe, au kuliko mwenzi wako mkijaza fomu kwa pamoja. Kwa mzazi jambo hili halina swali. Kwa kaka wa miaka 22 anayeishi na mdogo wake na mkubwa wake chini ya paa moja, ni jambo la kuangaliwa.

Hati za mwanangu zinaonyesha alizaliwa tarehe 1 Januari. Umri wake unahesabiwaje?

Swali hili ni la kwetu hasa, kwa sababu watu wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari pale siku halisi ya kuzaliwa ilipokosekana kwenye karatasi. Kwa kodi, mtu hutimiza umri siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, si siku moja kabla. Aliyeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari 2007 alikuwa na miaka 18 mwaka mzima wa 2025, na alitimiza 19 siku ya kwanza ya 2026. Kwa hiyo kwa mwaka wa kodi 2025 yuko chini ya miaka 19, hata kama unapojaza fomu mwezi Februari 2026 tayari ana miaka 19. Kinachofuatwa ni tarehe iliyo kwenye hati, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kumbukumbu za Social Security. Kumbukumbu ya bibi kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mavuno haiwezi kuandikwa kwenye fomu.

Mwanafunzi wa muda wote ni yupi?

Ni yule aliyeandikishwa kwa idadi ya masomo ambayo chuo chenyewe kinaiita ya muda wote, katika sehemu yoyote ya kila mwezi kwa miezi mitano ya mwaka. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Muhula wa masika unaoanza Januari na kuisha Mei unatosha peke yake, hata kama kijana alianza tarehe 20 Januari na kumaliza tarehe 9 Mei, kwa kuwa sehemu ya mwezi huhesabiwa kama mwezi.

Shule lazima iwe na walimu wa kudumu, mtaala, na wanafunzi wanaohudhuria. Shule za ufundi zinakubalika. Haikubaliki shule inayofundisha kwa intaneti peke yake, wala mafunzo anayopewa mtu akiwa kazini. Hapa wapo wazazi waliokwama kwa sababu mtoto alikuwa "anasoma" kweli, lakini kwenye taasisi isiyokuwa na darasa lolote zaidi ya skrini ya kompyuta. Chuo cha kawaida chenye baadhi ya masomo ya mtandaoni hakimo katika katazo hilo.

Anaishi bwenini katika jimbo jingine. Je, bado nahesabiwa kuwa naishi naye?

Ndiyo, alimradi nyumba yako ndiyo makazi yake na anatarajiwa kurudi. Kutokuwepo kwa sababu ya masomo, ugonjwa, likizo au jeshi huhesabiwa kama yuko nyumbani.

Mwaka wa kuhitimu ndio wenye utata, na unastahili mfano. Binti ana miaka 22, anahitimu Mei 2025, na anapata kazi katika mji mwingine. Sharti la uanafunzi limetimia, kwa kuwa Januari hadi Mei ni miezi mitano. Sharti la umri limetimia. Linabaki la makazi: kama alihamia kwenye nyumba yake mwenyewe tarehe 1 Juni kwa nia ya kukaa huko, aliishi kwenu miezi mitano tu, na hiyo si zaidi ya nusu ya mwaka. Kama alikaa nyumbani hadi Agosti ndipo akahama, sharti limetimia. Hata hapo itabidi kuhesabu matunzo yake ya mwaka mzima, kwa sababu mshahara wa miezi minne akiwa amepanga chumba peke yake unaweza kuwa umebeba zaidi ya nusu ya gharama zake.

Mwanangu anafanya kazi na ana karatasi yake ya mshahara wa mwaka, W-2. Je, mapato yake yananizuia?

Kwa mlango wa kwanza, hapana. Sheria haikuweka kikomo cha mapato kwa mtoto anayestahili. Mwanafunzi wa miaka 20 anayepakia mizigo ghalani zamu ya usiku na kupata dola 13,000 kwa mwaka anaweza kuwa mtegemezi wako sawasawa na yule asiyepata hata senti. Wazazi wengi hujinyima haki yao kwa kudhani kwamba karatasi ya mshahara imemtoa mtoto mikononi mwao. Kinachoulizwa ni pesa hizo zilifanya kazi gani.

Nusu ya matunzo inahesabiwaje? Hatuna risiti za kila kitu.

Chukua daftari na uandike gharama za mtu mmoja kwa mwaka mzima: malazi, chakula, mavazi, elimu, matibabu, usafiri na burudani ya kawaida. Kisha uandike pembeni nani alilipa nini. IRS yenyewe ina jedwali la hesabu hii katika Chapisho 501.

Mfano: familia ya watu watano imepanga nyumba ya dola 1,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 21,600, na fungu la kijana ni dola 4,320. Chakula cha nyumba nzima ni dola 12,000, fungu lake 2,400. Umeme, maji na gesi ni dola 3,000, fungu lake 600. Wazazi wanamlipia bima ya afya dola 1,200. Ada ya chuo iliyobaki baada ya ufadhili ni dola 2,600, ambapo 2,000 zimetoka kwenye mkopo wa masomo ulio kwa jina lake na 600 wametoa wazazi. Nguo na simu, dola 1,100, amelipa mwenyewe. Mafuta na bima ya gari, dola 2,400, amelipa mwenyewe.

Jumla ya matunzo yake ni dola 14,620, na nusu yake ni 7,310. Kijana amejitolea 2,000 za mkopo, 1,100 na 2,400, jumla dola 5,500. Hajafika nusu, kwa hiyo sharti limetimia, ingawa alipata dola 13,000 ghalani. Sehemu kubwa ya mshahara wake iliwekwa benki, na nyingine alimtumia bibi yake Bujumbura. Pesa iliyowekwa benki si matunzo yake kwa mwaka huo, na iliyokwenda Bujumbura ilimtunza bibi.

Mambo mawili katika mfano huo hukosewa sana. La kwanza ni kwamba ufadhili wa masomo anaopata mwanafunzi hautiwi kwenye hesabu kabisa, uwe dola 3,000 au 30,000. La pili ni kwamba mkopo wa masomo ambao kijana ameuchukua kwa jina lake unahesabiwa kuwa pesa yake yeye, kwa sababu yeye ndiye atakayeulipa. Kijana anayelipia karo kubwa na chumba kwa mikopo yake anaweza kuvuka nusu bila yeyote nyumbani kufahamu.

Kama nyumba ni yenu wenyewe, malazi huhesabiwa kwa thamani ya pango ambalo nyumba hiyo ingepangishwa, si kwa marejesho ya mkopo wa nyumba.

Mwanangu ana miaka 26, hasomi, na anaishi nyumbani bila kazi ya kudumu. Je, naweza kumwandika kwenye fomu yangu kama mtegemezi?

Mlango wa kwanza umefungwa, lakini wa pili unaweza kuwa wazi. Kwa mwaka 2025 mapato yake ghafi lazima yawe chini ya dola 5,200. Kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa dola 5,050. Mapato ghafi ni yale yanayotozwa kodi kabla ya kupunguza chochote. Hapa ukali ni mkubwa kuliko mlango wa kwanza: dola 5,199 anaingia, dola 5,200 haingii, na hakuna ofisa wa kumbembeleza. Vibarua vya wikendi na kuendesha abiria kwa programu ya simu vimo, ingawa kwa biashara ndogo sheria ina hesabu yake.

Pia mzigo unageuka. Kwa mtoto anayestahili ilitosha kwamba yeye hakujigharamia zaidi ya nusu. Kwa ndugu anayestahili ni lazima wewe uwe umetoa zaidi ya nusu. Kama wewe umetoa asilimia 40, dada yake asilimia 35, na yeye mwenyewe zilizobaki, hakuna aliyevuka nusu. Hapo wachangiaji waliotoa zaidi ya asilimia 10 kila mmoja wanaweza kukubaliana kwa maandishi, kwa Fomu 2120, kwamba mmoja wao amwandike mwaka huo, mradi waliobaki watie saini kuachia haki yao.

Mwana wa kumzaa, anapopita mlango wa pili, si lazima aishi nawe.

Mwanangu ana ulemavu. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa, na inasikitisha kuona familia zinazomlea mtu mzima mwenye ulemavu zikiacha haki hii kwa sababu tu ametimiza miaka 24. Sheria inataka mambo mawili: kwamba hali yake ya mwili au akili inamzuia kufanya kazi yoyote ya maana ya kujipatia kipato, na kwamba daktari amethibitisha hali hiyo imedumu au itadumu mwaka mmoja mfululizo au zaidi, au inaweza kusababisha kifo. Akitimiza hayo, anabaki mtoto anayestahili akiwa na miaka 30 au 45, ikiwa anaishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka na hajigharamii zaidi ya nusu. Omba barua ya daktari mapema na uihifadhi. Fedha za SSI, yaani msaada wa serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, hazitozwi kodi.

Kumwandika kunatuletea faida gani kwa dola?

Hadi mwaka 2017 kila mtegemezi alipunguza mapato yanayotozwa kodi kwa dola 4,050. Kiwango hicho kilifanywa sifuri kuanzia 2018, na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu. Kilichobaki kwa mtu mzima ni nafuu ya dola 500, inayoondolewa moja kwa moja kwenye kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi kodi, huletewi hundi ya hiyo 500. Nafuu kubwa ya watoto, dola 2,200 kwa mwaka 2025, ni ya walio chini ya miaka 17 tu. Ndiyo maana mzazi hushtuka mwaka mtoto anapofikisha miaka 17 na kudhani aliyemjazia fomu amekosea.

Hata hivyo dola 500 si habari yote. Mzazi asiye na mwenzi, anayelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba na kuishi na mwanaye mtegemezi zaidi ya nusu ya mwaka, anaweza kujaza fomu kama mkuu wa kaya. Kwa mwaka 2025 mtu asiye na ndoa ana dola 15,750 zisizotozwa kodi. Mkuu wa kaya ana dola 23,625. Tofauti ni dola 7,875 za mapato.

Kuna pia nafuu ya wenye kipato kidogo kitokanacho na kazi, inayojulikana kwa herufi EITC. Mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 24, au mtoto mwenye ulemavu wa umri wowote, huhesabiwa humo, mradi ameishi nawe Marekani zaidi ya nusu ya mwaka na wote mna namba za Social Security zinazoruhusu kazi. Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu bila mtoto ni dola 649; kwa mtoto mmoja ni dola 4,328. Kijana wa miaka 26 aliyepita mlango wa pili haongezi chochote kwenye EITC.

Mwanangu alijaza fomu yake kwanza na kusema hakuna anayeweza kumwandika. Fomu yangu imekataliwa. Nifanye nini?

Kati ya ajali zote za msimu wa kodi hii ndiyo ya kila siku. Kijana yuko kwenye simu usiku, programu inamuuliza swali moja, anabonyeza "hapana" kwa sababu anajiona mtu mzima, na pesa zake zinaingia baada ya wiki chache. Mama anapotuma ya kwake mwezi Machi, mtandao unaikataa.

Kwanza, kuna suluhisho la haraka. Tangu msimu wa 2025, IRS inaipokea kwa mtandao fomu yenye mtegemezi aliyekwisha kutumika kwenye fomu nyingine, mradi mlipa kodi mkuu awe ameweka namba yake ya siri ya tarakimu sita, IP PIN, ambayo hupatikana kwenye akaunti yake ya IRS. Asiyekuwa nayo hutuma fomu ya karatasi kwa posta. Pili, kijana arekebishe fomu yake kwa Fomu 1040-X. Asiporekebisha, kila mmoja wenu anaweza kupokea barua ya kumtaka ahakiki, na kama hakuna anayerekebisha, ukaguzi unaweza kufuata.

Jambo ambalo vijana hawalijui ni kwamba mara nyingi hawapotezi kitu kwa kukubali kuwa wategemezi. Yule wa ghalani aliyepata dola 13,000 za mshahara ana kiwango kisichotozwa kodi cha dola 13,450 akiwa mtegemezi, yaani mshahara wake na dola 450 juu yake. Kodi yake ya mapato ya shirikisho ni sifuri kwa vyovyote, na kodi hiyo iliyokatwa kazini inarudi yote. Pia sheria haimpi uhuru wa kuchagua: kisanduku kinauliza kama kuna mtu *anayeweza* kumwandika, si kama kuna atakayemwandika.

Zungumzeni mwezi Januari, kabla W-2 hazijafika. Swali la dakika tano mezani linaokoa miezi ya barua.

Nafuu ya ada ya chuo ni ya nani, mzazi au mwanafunzi?

Ni ya yule ambaye mwanafunzi ameandikwa kwake. Ukimwandika kama mtegemezi, wewe ndiye unayedai, na hata ada aliyolipa yeye mwenyewe huhesabiwa kama umeilipa wewe. Nafuu kubwa ni ile ya miaka minne ya kwanza ya chuo, hadi dola 2,500 kwa mwanafunzi kila mwaka: asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata. Hadi dola 1,000 kati ya hizo huweza kurudishwa hata kama hudaiwi kodi. Utahitaji karatasi ya chuo, 1098-T, na Fomu 8863. Nafuu hii huanza kupungua mapato ya mtu asiye na ndoa yanapozidi dola 80,000, au dola 160,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja.

Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwetu ni mwanangu. Je, IRS inakubali?

Hapa sheria iko karibu na desturi yetu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa kaka au dada yako wa damu, hata wa baba mmoja au mama mmoja, yumo katika uhusiano unaokubalika mlango wa kwanza, pamoja na wajukuu, watoto wa kambo na wadogo zako. Karatasi ya mahakama haihitajiki kwa huyo. Mkijaza fomu pamoja kama wanandoa, inatosha awe ndugu wa mmoja wenu.

Mtoto wa binamu ni habari nyingine. Kwetu binamu ni ndugu na mtoto wake ni mtoto, lakini kwenye orodha ya IRS hayumo. Anaweza kuingia mlango wa pili tu, akiwa ameishi nyumbani kwako mwaka mzima na kutimiza masharti ya mapato na matunzo. Mtoto mliyemchukua kwa makubaliano ya ukoo, bila shirika lililoidhinishwa wala mahakama kumweka kwako, haitwi mtoto wa kulea kisheria.

Mwanangu wa miaka 20 anasoma Dar es Salaam na ninamtumia ada kila muhula. Wengine wako kambini Nyarugusu. Je, niwaandike?

Kama si raia wa Marekani wala hana ukaazi wa Marekani, hapana, hata kama kila shilingi anayokula imetoka mfukoni mwako na una ujumbe wote wa miamala kwenye simu. Sheria imewapa nafasi wakaazi wa Kanada na Meksiko, na haikutaja nchi nyingine. Hili ni gumu kulimeza, na ndilo linalotumiwa na watayarishaji wasio waaminifu kuwashawishi watu waandike majina ya walio ng'ambo.

Kama ni raia wa Marekani aliye huko kwa masomo na nyumba yako ndiyo makazi yake, huko ni kutokuwepo kwa muda, na mlango wa kwanza unabaki wazi. Kama ni raia aliyelelewa Nairobi na bibi yake miaka yote, haishi nawe, lakini mlango wa pili unawezekana ikiwa mapato yake yako chini ya kiwango na wewe unatoa zaidi ya nusu.

Ameoa mwaka huu. Je, amekwisha kutoka?

Kama amejaza fomu ya pamoja na mke wake, humwandiki. Isipokuwa pale ambapo wawili hao hawakudaiwa kodi yoyote na walijaza ili tu warudishiwe iliyokatwa kazini.

Tumetengana na mzazi mwenzangu. Nani amwandike?

Kwa mtoto mdogo, mzazi anayeishi naye anaweza kumwachia mwenzake haki hiyo kwa Fomu 8332. Kanuni hiyo imejengwa juu ya mtoto aliye chini ya ulezi wa wazazi, na kijana aliyefikisha utu uzima katika jimbo lake hayuko tena chini ya ulezi wa yeyote, hata kama hati ya talaka inasema vingine. Mnarudi kwenye kanuni ya kawaida: kwa nani alilala zaidi. Mkidai nyote wawili, hupewa aliyeishi naye muda mrefu zaidi, na siku zikilingana, mwenye mapato makubwa zaidi.

Yuko kwenye bima yangu ya afya hadi miaka 26, na chuo kinataka taarifa zangu za mapato. Je, si ushahidi kwamba ni mtegemezi?

Si ushahidi. Bima humruhusu kijana kubaki kwenye mpango wa mzazi hadi miaka 26, awe mtegemezi wa kodi au asiwe. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, nayo ina kanuni zake za nani ataje mapato ya wazazi. Kila ofisi ina mtegemezi wake.

Nimegundua kwamba nilimwandika kimakosa, au sikumwandika nilipokuwa na haki. Nifanyeje?

Fomu 1040-X hurekebisha yote mawili. Kudai rejesho uliloliacha, kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha fomu ya awali. Kama ulidai usichostahili, rekebisha kabla hujaandikiwa, kwa sababu adhabu ya kawaida ya uzembe ni asilimia 20 ya kodi iliyopungua, na kwa nafuu kama EITC unaweza kuzuiwa miaka 2 kwa kupuuza kanuni, au 10 kwa udanganyifu.

Wanaposema waone ushahidi, hutaka vitu vya kawaida: barua ya chuo yenye tarehe, mkataba wa pango wenye jina lake, barua ya hospitali au ya benki iliyotumwa kwa anwani yenu, cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha undugu. Kwa mtoto wa kaka utahitaji vyeti viwili, chako na cha kaka yako, pamoja na cha mtoto, ili mnyororo uonekane. Kwa familia ambazo vyeti vyake viliungua au viliachwa Uvira, anza kutafuta mbadala wake leo, kwa sababu barua ya IRS hutoa siku chache za kujibu.

Kama mtu mwingine ndiye aliyekujazia, angalia kama jina na namba yake ya mtayarishaji zipo chini ya ukurasa. Aliyelipwa kujaza anatakiwa kusaini. Anayekutoza asilimia ya rejesho, au anayekuambia "weka tu jina, nitashughulikia", anaondoka na ada yake, na deni linabaki kwa aliyesaini kama mlipa kodi. Vituo vya VITA, ambavyo wafanyakazi wake wa kujitolea hupimwa na IRS, hujaza fomu bila malipo kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Wapigie kuuliza kama wanapokea pia marekebisho ya miaka iliyopita, na uende na W-2 za kijana pamoja na zako.